Mikono Iliyokataa Kushuka

Siku ya mkutano wa kijiji, Mwanaima alikaa nyuma kabisa, karibu na njia ya kutokea, maana alijijua ni mwoga. Mwenyekiti Mikidadi alisoma barua: mikorosho ya bondeni ing'olewe, mwekezaji apewe eneo. Mikorosho hiyo, ya Mwanaima ikiwamo, ilipandwa na wazazi wao. Mikidadi akauliza harakaharaka nani hakubali. Mkono wa Mwanaima ukanyooka. Wa Prisca pia, na wa Saada. Watatu tu, kijiji kizima cha Kiegei.

Mkutano ukafungwa. Mikono yao haikushuka.

Nyumbani, mumewe Jumanne aliuvuta ule mkono, akaukanda kwa maji ya moto, akaufunga kanga. Wapi! Mwanaima akala ugali kwa mkono wa kushoto huku akiomba radhi.

"Umetuponza, mama Rahimu," Jumanne akasema.

"Najua."

Aliogopa, tena sana. Mtu akisema neno, kesho anaweza kulikana. Yeye alipita mbele ya ofisi ya kijiji na jibu lake likiwa juu ya kichwa. Kila pikipiki ngeni ilipopunguza mwendo, alichepuka njia.

Kufikia Ijumaa wenye mikono juu walikuwa arobaini. Mumewe Jumanne naye aliamka mkono wake ukiwa juu, akashinda ndani. Zahanati iligawa dawa za maumivu, ingawa hakuna aliyeumwa. Nachingwea mjini, bodaboda waliendesha kwa mkono mmoja. Ruangwa, walimu walishindwa kujua ni mwanafunzi yupi mwenye swali.

Mkutano ukaitishwa upya. Kila aliyekuja alikuja na mkono juu, Mikidadi naye akiwamo, jasho likimtiririka kwapani.

"Wanaokubali?" akauliza.

Mtendaji wa kijiji, Hemedy, akatazama mara moja, akaandika kwamba wote wamekubali.

Mwanaima aliukamata mkono wake kwa ule mwingine, akauvuta kwa uzito wote wa mwili, lakini haukushuka. "Hatukubali," akasema. "Andika hivyo, baba."

"Mama, utaratibu ni kuhesabu mikono," Hemedy akamjibu kwa upole. "Maneno hatuhesabu."

Jumatatu asubuhi katapila lilifika bondeni. Dereva wake, Dastani wa Nachingwea, alimwamkia Mwanaima shikamoo, akamwomba asogee kidogo asije akaumia. Aliendesha kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umenyooka juu kama wa watu wote, na hivyo hivyo akausukuma mkorosho wa kwanza.