Mahindi Barazani kwa Stanislaus

Felisiani Niyitegeka alikuwa na Fuso moja, na aliiendesha mwenyewe. Yeye na mkewe Divine waliuza shamba lao la Kitanga ili kuinunua, kwa hiyo gari lisipotembea, nyumba yao nzima pale Kasulu ilikuwa imesimama.

Msimu huu wa mavuno alipakia mahindi Kagerankanda, mali ya Stanislaus, mfanyabiashara wa Kasulu, ayapeleke bandarini Kigoma yavuke ziwa kwenda Kongo. Walikubaliana afike, ashushe kwenye ghala la Stanislaus, arudi. Alipofika akaambiwa ghala limejaa, asubiri. Wiki ikaisha, nyingine ikaanza. Malori yalijipanga kando ya ukuta, mengi ya watu kama yeye, wenye gari moja tu. Walilala chini ya turubai na kununua hata maji ya kuoga. Divine alipiga simu kusema wakulima wa Kitanga wana maharage tayari na wanamuulizia. Aliposikia bado yuko kwenye foleni, akasema atawaambia watafute gari lingine.

Aliyemfumbua macho ni Mwanaamina, mama wa Ujiji mwenye lori lake, aliyekuwa naye amebeba mahindi ya Stanislaus. Alikwenda kutafuta choo nyuma ya ghala, akakuta mlango wazi.

"Kaka Felisiani, njoo uone mwenyewe," alimwambia, "usije ukasema nimezusha."

Ndani hamkuwa na gunia hata moja la mahindi. Ilikuwa saruji mpaka darini, ya mtu mwingine kabisa. Kuli aliyekuwa akifagia aliwaeleza bila kuficha kwamba bosi amelipangisha ghala lake, na mahindi yanasubiri juu ya magari mpaka bei ya Kongo ipande.

Felisiani alimpigia simu palepale. Stanislaus hakukana.

"Gari likisimama halili mafuta," alisema. "Unalalamika nini?"

Felisiani akamwambia springi zinalala, tairi zinaharibika kwa uzito, na watoto nyumbani hawali foleni. Stanislaus alicheka kidogo. Alisema magari Kigoma ni mengi, na mtu aliyepewa uraia juzi ashukuru kwamba anapewa na mzigo.

Felisiani alizaliwa Kasulu. Waliovuka mpaka wa Munanila wakikimbia vita ni wazazi wake. Alikata simu. Akapanda, akawasha gari.

"Unakwenda wapi na mali ya watu?" Mwanaamina aliuliza.

"Naipeleka kwa mwenyewe."

Alipandisha milima kwa gia nzito mpaka Kasulu, moja kwa moja kwenye nyumba mpya ya Stanislaus. Mke wa Stanislaus alifungua geti akidhani mumewe ndiye aliyeagiza. Makuli aliowachukua sokoni wakaanza kupanga magunia barazani, juu ya vigae vinavyong'aa. Yule mama alipoanza kuuliza, madirisha yalikuwa yameshazibwa na mlango mkubwa haufunguki.

Stanislaus alikuja na askari, akisema ameibiwa. Askari aliyahesabu magunia, hakuna lililopungua, akauliza kilichoibiwa ni nini. Hata hivyo Felisiani alilala mahabusu, kwa sababu Stanislaus ni mtu anayesikilizwa. Asubuhi walimwachia, wakamwonya.

Kule bandarini habari ilifika kabla hajaachiwa. Wenye malori walimfuata msimamizi wa ghala na kumwambia nao wanajua njia ya Kasulu. Saruji ikahamishwa, magari yakashushwa, la Mwanaamina likiwemo. Lakini tangu hapo wafanyabiashara wakubwa hawampi Felisiani mzigo. Sasa anasomba mihogo ya Munanila, safari fupi, za barabara mbovu.

Divine alimsihi ayaache. "Baba Reine, hasira haijazi tangi," alimwambia. Felisiani alikubali kwamba ni kweli, ila akasema hajui pa kuiweka.

Jumapili moja kanisani Stanislaus aliketi benchi la mbele yao. Padri alipowaalika waumini watakiane amani, Stanislaus aligeuka akitabasamu, akanyoosha mkono. Watu wa jirani waliwatazama. Divine alimgusa mumewe kiwiko.

Felisiani aliutazama ule mkono mpaka mwenyewe akaurudisha.

"Nilipozaliwa ni hapa," alimwambia kwa sauti ya chini. "Anza na hilo."