Krismasi ya Mayai na Chipsi

Asubuhi ya Krismasi, mumewe akiwa bado hajateremka ngazi, Hilary Ackroyd alifungua mlango wa oveni akaijaza sufuria. Alianza na ile pana ya supu, akapachika juu yake vikaango viwili vilivyolegea mipini, akabana chujio la bati pembeni, kisha akausukuma mlango kwa goti mpaka ukajifunga. Akasimama kuitazama kazi yake. Oveni ilikuwa imegeuka kabati. Nje mvua ya bonde ilipiga paa za mawe kwa subira yake ya siku zote, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe, saa kama hiyo ya siku kama hiyo, mkono wake haukuwa ndani ya tumbo la bata mzinga.

Chakula cha Krismasi cha kuoka ni mtego uliopambwa. Bata anataka saa zake, viazi vinataka moto mkali kuliko bata, vikabichi vikizidi dakika mbili vinanuka kama soksi, mchuzi hauanzi mpaka nyama itoke, na vyote hivyo lazima vifike mezani vikiwa vya moto kwa wakati mmoja. Mtu mmoja hukimbizana navyo. Mtu huyo alikuwa Hilary. Akishapakua, kuna aliyekosa chumvi. Akileta chumvi, kuna anayeuliza mchuzi. Anapokuja kukaa, mchuzi wa sahani yake umeshika utando, wenzake wamesukuma sahani mbele, kofia zao za karatasi za sikukuu zimeinamia sikio, na mmoja wao anasema, kwa moyo safi kabisa, "Umejitahidi kweli mwaka huu." Katika ndoa yake yote Hilary hakuwahi kula chakula cha Krismasi kikiwa cha moto. Hakutaka dhahabu wala safari. Alitaka kukaa chini na kula cha moto, basi.

Mwezi wa Novemba aliwaambia. Ilikuwa Jumapili, chai iko mezani. "Mwaka huu hakuna bata mzinga," alisema. "Nitakaanga mayai na chipsi, nitandike kitambaa chekundu, niwashe mishumaa, na nitakaa nanyi mezani."

"Chochote kilicho rahisi kwako, mpenzi," alisema Clive, mumewe, bila kuinua macho.

"Wazo zuri, wifi," alisema Marjorie, dada yake Clive. "Kwa kweli ni wazo zuri sana."

Rowena, binti wa Hilary na Clive, alijibu kwa simu kwamba yeye hana neno. Winifred tu, mama yake Clive, ndiye aliyenyamaza. Alikunja kitambaa chake cha mkono mara nne, akaomba koti lake. Hilary aliutafsiri ukimya ule kuwa ni tangazo la vita, akaanza kujiandaa kupigana na bibi kizee wa miaka themanini na kitu.

Alijiandaa upande usio na adui. Watu wa bonde lile hawakatai jambo mbele yako. Hilo wangeliona ni kukosa adabu. Ukiambiwa mara moja kwamba wazo lako ni zuri, jihadhari. Ukiambiwa mara mbili, umekataliwa. Ukiambiwa "chochote kilicho rahisi kwako," umeshazikwa na watu wanakunywa chai ya matanga. Hilary alizaliwa humo humo na kila neno alilijua kwa maana zake zote mbili. Lakini mtu aliyechoka huamini kile anachotaka kusikia, naye aliamini. Akapanda kilimani kwa mfugaji kununua mayai makubwa yenye viini viwili. Akanunua siagi nzuri. Akapiga pasi kitambaa chekundu.

Marjorie ndiye aliyetangulia kufika. Alikuwa amekumbatia kitu kilichofunikwa taulo la kuogea, kama mtoto mchanga anayetoka kubatizwa.

"Hiki nini, Marjorie?"

"Hiki? Ah, kidogo tu, wifi. Kifua tu. Nilisema labda Mama atapenda kutafuna kitu. Wala usijisumbue, nimeshakipika nusu."

"Nusu."

"Imebaki saa moja kwenye oveni yako. Saa moja na robo. Wewe endelea na mayai yako, hutatusikia."

Hilary alifunua taulo. Kifua kile kilikuwa na miguu miwili, mabawa mawili na shingo.

Kabla hajalirudisha taulo, Rowena aliingia akivuja maji ya mvua, na bakuli mikononi. Ndani mlikuwa na mkate uliovurugwa na vitunguu na majani makavu, ule wa kujazia bata.

"Mama, usinikasirikie. Ni kwa ajili ya Baba."

"Baba yako amesema anautaka?"

"Hajasema kitu."

"Basi si hajasema?"

"Ndiyo maana nimeleta, Mama! Baba akinyamaza vile, wewe si unamjua?"

Hilary alimtafuta Clive kwa macho. Clive alikuwa ametoka uani kuangalia kama mvua imepungua. Aliporudi, mvua haikuwa imepungua, na yeye alikuwa amebeba beseni. Ndani ya beseni, viazi vilivyomenywa vikaoshwa vikakatwa vizuri vilielea ndani ya maji. Kwapani alikuwa amebana kopo la mafuta ya bata bukini.



"Clive," alisema Hilary taratibu. "Hivyo vimemenywa na nani?"

"Na mimi."

"Wapi?"

"Bandani. Jana, ulipokwenda kwa mayai."

"Kwenye baridi ile?"

"Nilivaa koti," alisema Clive, kama vile hilo ndilo lililokuwa likimsumbua mkewe.

Mtu aliyeishi naye umri mzima bila kujua kisu cha kumenyea kinakaa droo gani, mtu aliyekuwa akisimama mlangoni mwa jiko kila Krismasi akiuliza "Kuna la kusaidia?" huku mguu mmoja umeshageukia sebuleni, kumbe alijua kumenya. Na alijua vizuri. Vile viazi havikuwa na jicho hata moja. Hasira ilimpanda Hilary kutoka unyayoni, ikapita tumboni, ikafika kooni, na hapo ikakwama, maana hakujua aanze na yupi.

"Tulifikiri tu," Marjorie alisema, "kwamba ukiona vipo, utafurahi." Akaushika mlango wa oveni na kuuvuta. Sufuria zilimwagika sakafuni kwa kishindo cha harusi. Chujio likabingirika mpaka miguuni pa Rowena. "Jamani! Nani ameweka vyombo kwenye oveni siku ya Krismasi?"

Rowena alilisogeza chujio kwa mguu.

Ndipo Winifred alipoingia. Alikuwa amepanda mtaa peke yake na mwavuli wake, kwa kuwa alikataa kubebwa na gari la mtu yeyote ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfunza kutembea. Hilary alimtazama mikono. Mkono mmoja ulishika mkoba mdogo mweusi, wa pili mwavuli. Hakuwa na bakuli, wala sufuria, wala kitu kwenye taulo. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, lakini siku ile Hilary angeubusu.

Bibi kizee alitazama bata, beseni, bakuli, na sufuria zilizozagaa sakafuni. Akamgeukia mkwewe.

"Mimi niliambiwa kuna mayai," alisema.

"Yapo, Mama."

"Basi mbona siyaoni?"

Hilary alitaka kujibu, akagundua kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa umeshafika kwenye kitufe cha oveni. Hakuutuma. Ulikuwa umekwenda wenyewe, na kichwani mwake saa ilikuwa imeshaanza kuhesabu: bata aingie sasa, viazi vichemke kwanza, vikaushwe, mafuta yapate moto. Hiyo ndiyo ilimtisha kuliko wote waliokuwa mle jikoni. Wangeweza kuleta ng'ombe mzima kwenye taulo. Ng'ombe asingejiingiza ovenini. Aliutazama mkono ule kama mkono wa mgeni, kisha akaurudisha.

"Haya," alisema. "Oveni hiyo hapo. Jiko ni lenu, na bata wenu, na viazi vyenu. Mimi naomba moto mmoja tu wa juu, nikaange vya watu wawili."

"Lakini, mpenzi," alisema Clive, "sisi hatujui..."

"Ulijua bandani."

Alikaanga. Wale watatu walisimama wamebanana kando ya friji kama watu wanaosubiri basi. Chipsi zilipopata rangi alizitoa, akavunja mayai, na viini pacha vikakaa ndani ya mafuta, vya njano kali, vikimtazama. Akapakua sahani mbili, akazipeleka chumba cha pili kwenye kitambaa chekundu, akawasha mishumaa, akafunga mlango kwa kisigino.

Winifred alikuwa ameshakaa. Hilary akakaa mbele yake. Siku nyingine zote, kati yao palikuwa na sahani nane na watu wa kupitisha maneno.

"Ile Krismasi ya kwanza uliyopika wewe," alianza Winifred, akinyunyiza chumvi.

Hilary alijikaza. "Najua. Bata alikuwa mkavu."

"Alikuwa mkavu kama kadibodi. Na viazi ulivikata vibaya, na mpaka leo unavikata vibaya, huyo Clive amevikata vizuri kuliko wewe."

"Asante, Mama."

"Lakini alikuwa wa moto. Nilikuwa sijala cha moto siku ya Krismasi tangu niingie nyumba ya baba yake Clive."

Hilary aliweka uma chini. "Miaka yote hii ulijua."

"Nilijua vizuri sana."

"Na hukuniambia hata neno."

"Ningekuambia," alisema Winifred, akikata yai lake bila haraka, "ungenirudishia jiko."

Alilisema kavu, bila kuomba radhi na bila kumkwepa macho, kama mtu anayetaja bei ya mkate. Hilary alitafuta hasira yake, ile iliyokwama kooni tangu asubuhi, akakuta inatetemeka. Ilipotoka ilikuwa kicheko, kimoja, kifupi, kibaya. Winifred hakucheka. Alimsogezea siagi.

"Mama!" Sauti ya Rowena ilipenya mlango. "Mchuzi unaanza na unga au na maji?"

Hilary alifungua kinywa. Winifred alimtazama. Kinywa kikafungwa.

"Wifi! Hii namba ya moto ndiyo hii au imefutika?"

Imefutika. Ilikuwa imefutika miaka, na aliyejua kitufe kile kinageuzwa mpaka wapi alikuwa mmoja tu chini ya paa lile. Magoti ya Hilary yalianza kunyooka chini ya meza. Chipsi ilikuwa kwenye uma, yai halijaguswa, mvuke unapanda, na tazama, miguu ilikuwa inaondoka na mtu wake.

"Unakwenda?" aliuliza Winifred. "Basi niachie hilo yai lako. Lina viini viwili."

"Siendi."

"Naona umesimama nusu."

Ni kweli, alikuwa amesimama nusu. Alijishusha. Kiti kilikuwa kigumu, au labda hakuwahi kukikalia kiasi cha kujua.

"Inakuwaje?" aliuliza. Alitaka kuuliza kwa mzaha, sauti ikamsaliti. "Unawasikia wanaharibu, na wewe umekaa tu. Uliwezaje?"

Winifred alitafuna mpaka akamaliza. "Mwaka ule wa kwanza nilikalia mikono," alisema. "Hivi, chini ya mapaja. Ikafa ganzi. Watu walidhani nasikia baridi, wakaniletea shali."

"Na mwaka wa pili?"

"Nilikalia mmoja."

Kule jikoni kitu kilianguka ndani ya maji, mtu akasema neno ambalo halisemwi siku ya Krismasi, kisha harufu ya mafuta yaliyozidi moto ikaanza kupita chini ya mlango. King'ora cha moshi kikapasua nyumba. Kikalia, kikalia. Katikati ya makelele yale Clive akamwita mkewe. Hakusema mpenzi. Aliita "Hilary!" jina lote, kwa sauti ya mtu aliyesimama ng'ambo ya mto.

Uso wa Hilary uligeukia mlangoni. Akaukalia mkono wake wa kushoto, akahisi ukucha wa kidole gumba ukimchoma pajani. Kwa ule wa kulia akaushika uma, akautoboa utando wa yai, na kiini kikafunguka polepole kuelekea chipsi, kikiwa bado cha moto.