Mkurugenzi wa Sita

Mlango wa ofisi ulikuwa umetobokatoboka kama chujio. Mkurugenzi mpya alipitisha kidole juu ya matundu ya skrubu za vibao vya majina vilivyong'olewa.

"Wangapi wamekaa hapa kabla yangu?"

"Kwa miaka minne?" Katibu muhtasi aliinamisha macho. "Watano, mama."

Mkurugenzi alikuwa ameacha kiwanda cha saruji alichokitumikia miaka kumi na miwili, akafuata katika kiwanda hiki cha chupa mshahara mara tatu ya ule wa zamani. Mumewe alishangilia: "Mtaka cha mvunguni huinama, mke wangu, nawe umeinama vya kutosha!" Wakacheka. Hakuna aliyeuliza waajiri wakarimu hivyo walikuwa na haraka ya nini.

Mezani palikuwa na karatasi moja tu: hati ya kuthibitisha kwamba tanuri la kuyeyushia vioo ni zima. Ilingoja sahihi yake kabla ya adhuhuri. Alimpigia simu mwenyekiti wa bodi.

"Waliotangulia walitia sahihi?"

"Waliotangulia tuliwalipa vizuri, wakaenda zao kwa amani," mwenyekiti alijibu kwa upole uliomtisha kuliko ukali. "Nawe hutapunjika."

Alishuka kiwandani. Msimamizi wa tanuri, aliyeitwa na wote Babu Moto, alimwongoza hadi nyuma, joto likiwachoma nyuso. Ukutani mwa tanuri mlikuwa na ufa. Babu Moto alichukua kipande cha waya.

"Mwaka jana haukuingia huu." Akauchomeka. Ufa ukaumeza waya karibu wote. "Wakubwa wenzako walishuka, wakaona, wakahamia kampuni nyingine. Sisi hatuna pa kuhamia, mama."

Kule kwenye kiwanda cha saruji naibu wake alikwishakalia kiti chake. Angeweza kupokea kiinua mgongo na kuondoka kama wale watano, na mtu wa saba angeletwa kabla ya mwezi kwisha. Kilichomtisha ni jinsi njia hiyo ilivyokuwa rahisi.

"Zima tanuri," alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba, kama ya mtu mwingine. "Watoe watu wote."

"Likipoa litapasuka, halitafaa tena. Nawe mama, wakubwa watakutafuna mzima!"

"Najua. Watoe."

King'ora kililia. Walitoka watu arubaini na ushei, glavu mikononi, wakasimama juani wakipepesa macho.

"Tutarudi lini?" mwanamke mmoja aliuliza.

Simu ya mkurugenzi iliita, ikanyamaza, ikaita tena. Aliegemea ukuta, asiipokee. Yule mwanamke akapindua kreti tupu la chupa, akalifuta vumbi kwa glavu.

"Kaa, mama," alisema.

Mkurugenzi alikaa, akasogea kidogo kumpa nafasi, wakakaa wawili.