Shingo ya Venko na Kinyago cha Orofa Tatu

Mama yeyote mwenye mtoto anayebebeshwa kitu kizito kichwani, hata kama ni kitu cha heshima, hata kama kijiji kizima kinampigia makofi, asome haya. Wanaume siwaandikii. Wanaume wa Gorno Trastene, kijiji chetu cha juu, nilishawaambia kwa mdomo, wakanijibu kwa kuongeza pembe.

Mwanangu Venelin, tunayemwita Venko, ana shingo nene. Alizaliwa nayo. Alipotimiza miaka ishirini na moja, Mzee Spas, kiongozi wa kundi la vinyago hapa kijijini, alimshika shingo kwa viganja viwili kama mtu anayenunua ndama, akasema, "Huyu ndiye atakayebeba kikubwa."

Kikubwa ni kinyago cha mbele. Kila Januari, mwaka mpya wa kalenda ya zamani ukiingia, wanaume wetu huvaa ngozi za mbuzi, hujifunga kengele kiunoni, huweka vinyago vya kutisha kichwani na kurukaruka uwanjani ili pepo wabaya na magonjwa wahame. Kinyago kikiwa kirefu, pepo hukimbia mbali zaidi. Mimi pia naamini, msinifikirie vibaya. Lakini pepo huogopa sura. Nani aliyesema wanaogopa kilo?

Fundi wa vinyago ni mume wangu, Kiro. Mwaka juzi watu wa Dolno Trastene, kijiji cha chini, walikuja na kinyago kirefu kuliko mlango wa kanisa, wakachukua zawadi ya kwanza, na Kiro siku hiyo hakula. Mwaka jana, majani yalipoanza tu kudondoka, akajifungia bandani na nyundo.

Na kuna sheria moja. Mwanamke hagusi kinyago. Mkono wa mwanamke ukikigusa, hakirudi tena kichwani mwa mwanamume. Jirani yangu Bena aliwahi kukitoa cha mumewe kwenye mvua, maskini, kwa nia njema. Mpaka leo kinatisha kunguru katika shamba lao la mahindi. Mimi nikifagia banda nilikuwa navisogeza kwa koleo la mikate.

Basi. Mwezi wa kumi na moja wakaanza mazoezi, na baada ya zoezi la kwanza Venko aliingia jikoni amefunika jicho la kushoto kwa kiganja.

"Mama, zima taa."

"Taa gani? Ni mchana."

"Basi zima dirisha."

Nikaziba dirisha kwa blanketi. Akatapika maharagwe yote. Alisema maumivu yanaanzia kisogoni, yanapanda nyuma ya sikio kama siafu, yanakuja kukaa kwenye jicho, upande mmoja tu, na mbele yake anaona miale iliyokunjamana kama meno ya msumeno. Nilikijua. Kipandauso. Marehemu mama yangu alikuwa nacho, alikuwa akilala na vipande vya viazi vibichi kwenye paji la uso na sisi watoto tukitembea kwa vidole.

Kiro akaja, akamtazama, uso ukamng'aa.

"Ni wao."

"Akina nani?"

"Pepo! Wamesikia nani atawafukuza, wamemvamia mapema. Hii ni dalili njema, Mama Venko."

"Mtoto anatapika, dalili njema?"

"Adui hampigi mtu asiyemwogopa." Akarudi bandani, akaongeza pembe za kondoo dume.

Zoezi la pili, kichwa tena. Kiro akajenga orofa ya pili, mabawa ya bata bukini na vioo, ili pepo wajione sura zao. Zoezi la tatu, kichwa tena, siku mbili Venko hakula. Kiro akajenga orofa ya tatu, na juu yake akaweka kipanga aliyekaushwa na saa ya ukutani ya marehemu mama yake, ile inayogonga, ili pepo wajue muda wao umekwisha. Paa la banda likabidi litobolewe.

Nikamwambia, "Baba Venko, kichwa kinamuuma kwa sababu ya kinyago."

"Kinyago ndiyo dawa."

"Dawa inakaa juu ya ugonjwa, inaukandamiza shingoni!"

"Ndivyo dawa inavyofanya kazi," akasema. "Inakandamiza."

Wahenga walisema kichwa cha kuku hakistahimili kilemba. Kiro alinijibu kwamba Venko si kuku.

Halafu asubuhi moja Venko akaangusha kikombe cha chai. Akakiinua, akakiangusha tena. "Vidole vimelala, mama," akasema, anacheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilimvalisha koti nikampeleka mjini kwa Daktari Mihova, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi.

Akambonyeza shingo, akamgonga viwiko kwa kinyundo, akamwambia amkamate mkono kwa nguvu zote. Wa kulia ulikuwa hafifu. Akauliza, "Unabeba nini, kijana?"

"Kinyago."

"Kikubwa kiasi gani?"

"Kama wewe, Daktari, ukisimama juu ya meza."

"Na unakibeba kwa nini?"

Venko akafikiri. "Nisiumwe kichwa."

Daktari akaweka kalamu chini.

Mimi nikauliza lililonileta. Je, shingo inaweza kuleta kipandauso? Akanieleza polepole, na nawaandikia kama alivyosema. Kipandauso ni ugonjwa wenye kiti chake kwenye ubongo, na mara nyingi hurithiwa, kwa hiyo shingo haikiumbi. Lakini mishipa ya fahamu ya pingili za juu za shingo na ile ya uso hukutana mahali pamoja, kama nyumba mbili zilizojengwa kwa ukuta mmoja. Ukipigilia msumari huku, wa kule anaamka. Mwenye kipandauso tayari, shingo yake ikiumia, kinaweza kuamka. Yapo pia maumivu yanayotoka shingoni moja kwa moja yakajifanya kipandauso. Na mara nyingine ni kinyume, kipandauso chenyewe ndicho kinachokaza shingo kabla hakijafika.

"Kwa hiyo kwa huyu ni shingo?"

"Inaweza, mama."

"Inaweza?"

"Kichwa nitakitafutia dawa. Kinachoniogopesha ni vidole. Kuna pingili inabana mshipa unaokwenda mkononi. Akibeba tena mzigo ule, mkono unaweza usirudi."

Maneno hayo niliyabeba ndani ya basi mpaka nyumbani. Venko alibeba vidonge na kola nene ya kushikilia shingo, avae siku chache tu mpaka uvimbe upungue.

Kiro na Mzee Spas walikuwa jikoni na chupa ya rakia, pombe yetu kali ya matunda, na sahani ya kabichi chachu. Nikawaambia yote.

"Inaweza!" Kiro akasema. "Hilo ni neno la mtabiri wa mvua, si la daktari."

"Tena anachanganya mambo," akasema Mzee Spas. "Kichwa ni kichwa. Shingo ni mwili. Bomba tu hilo, linapitisha supu."

"Shingo ni kichwa," nikasema.

"Mwanangu Zdravka," akaniambia, "kofia inavaliwa wapi? Kichwani. Skafu? Shingoni. Umewahi kuona mtu mwenye akili amevaa skafu kichwani?"

"Mkeo."

Mzee Spas akanywa kwanza. "Yule nimeshamkanya mara nyingi," akasema.

Kumbe Kiro hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaitazama kola. Akamsogelea mtoto, akaigonga kwa kidole, akaivuta, akaweka kiganja juu na kukandamiza.

"Mzee Spas. Unaona ninachokiona?"

Mzee akasimama. "Msingi."

"Msingi!"

Kwa maana orofa ya tatu ilikuwa inayumba, na Kiro alikuwa hapati usingizi kwa kukosa pa kuifungia. Jioni ile ile akapigilia pete ya bati kwenye kola ya daktari. Wiki haijaisha, kundi zima linataka kola. Dolno Trastene nao wakapata habari. Daktari Mihova akanipigia simu mwenyewe.

"Mama, huko kwenu kuna nini? Basi zima la wanaume liko mlangoni, wote wanasema shingo. Mmoja anataka ya rangi nyekundu."

"Wafukuze, Daktari."

"Nimewafukuza. Wanauliza kama kola inahimili pembe."

Nilimkamata Venko peke yake ghalani. "Kataa, mwanangu."

"Mama, baba hajalala tangu vuli. Nikikataa, Dolno watamcheka mpaka azikwe."

"Na mkono?"

"Ni siku moja tu."

Nikautazama ule mkono. Alikuwa anafungua na kufunga vidole, anafungua na kufunga, kama mtu anayejaribu kitasa cha mlango wa nyumba yake mwenyewe na ufunguo haukubali.

Hapo ndipo nilipoamua. Kinyago lazima kiguswe. Mtaniuliza, kwa nini usikiguse siku ile ile bandani? Kwa sababu namjua mume wangu. Angelia kidogo, kisha angejenga kingine chenye orofa nne. Ilibidi iwe siku yenyewe, uwanjani, muda wa kujenga hata kofia usiwepo. Nikakaa kimya wiki zote zilizobaki, napika, nafagia, nasogeza kwa koleo.

Siku ikafika, jua kali juu ya theluji, vijiji vyote viwili uwanjani. Kinyago kililetwa kimelazwa juu ya mkokoteni wa theluji kama maiti ya mtu mkubwa. Wakakisimamisha kwa ngazi. Wanaume wanne wakashika kamba, kila mmoja upande wake, kama wanaofunga hema. Chini kabisa, ndani ya ngozi ya mbuzi na kola ya daktari, alikuwa mwanangu.

Aliyevaa kinyago haruhusiwi kusema. Akiulizwa, hujibu kwa kichwa. Mzee Spas akapaza sauti, "Venko, uko tayari? Shingo inauma?"

Kwetu kutikisa ni ndiyo na kuinamisha ni hapana, lakini chini ya mzigo ule hakuna kutikisa wala kuinamisha. Hakuna kilichosogea hata unyoya.

"Oneni uthabiti!" Mzee Spas akalia, na watu wakapiga makofi.

Ngoma ikaanza. Mimi sikutazama, nilifumba macho nikasikiliza kengele. Kengele za mwanangu nazijua kama mnavyojua kikohozi cha wenu. Mbili nzito, moja nyepesi, mbili nzito, moja nyepesi. Mwanzo zilikwenda sawa. Kisha moja nzito, kimya, nyepesi mbili. Kisha zikachechemea. Juu kabisa, saa ya marehemu mama mkwe ikaanza kugonga saa sita, na kinyago kikainama upande wa kulia, wale wa kamba wanapiga kelele, "Vuta! Siyo wewe! Wewe!"

Nikavua glavu nikakimbia.

Niliikumbatia orofa ya kwanza kwa mikono yote miwili, pembe, manyoya, kila kitu. "Nimekigusa!" nikapiga ukelele. "Mashahidi mpo! Nimekigusa! Mkono huu hapa, nimekigusa tena!"

Ngoma ikanyamaza. Mzee Spas akaja mbio, kola yake ya kujitengenezea imempanda mpaka masikioni.

"Kwa mkono gani?"

"Yote miwili."

"Ulikuwa na glavu?"

"Nimevua."

"Labda ni ncha za vidole tu. Ncha zinaweza zisihesabiwe..."

"Basi ngoja niweke na shavu." Nikaweka shavu.

Mzee Spas akavua kofia. "Kishushwe," akasema.

Walipokitoa, Venko alikuwa mweupe kama jibini, jicho moja limefumba, mkono wa kulia unaning'inia. Akapiga magoti akatapika kwenye theluji.

"Mama," akasema, "zima jua."

Nikamfunga skafu yangu machoni, nikamlaza kichwa mapajani mwangu. Kiro alikuwa amesimama juu yetu na kamba mkononi. Kazi ya vuli nzima. Nilingoja anipige kelele mbele ya watu.

"Mama Venko," akasema taratibu, "si ungegusa cha Spas?" Kisha akauona ule mkono, namna ulivyolala kwenye theluji na vidole havijikunji kwa baridi. Akavua koti lake akaufunika.

Watu wa Dolno walishaanza kucheka. Mzee Spas akazunguka kile kinyago mara kadhaa, anawaza. "Hakirudi kichwani mwa mwanamume," akasema. "Ndiyo sheria. Lakini nguzo si mwanamume."

Wakakipandisha juu ya nguzo ya zamani ya taa, ile isiyo na waya, wakaifunga kengele kiunoni, yaani katikati, wakaimwagia rakia. Dolno wakalalamika kwamba nguzo haichezi. "Subirini upepo," akasema Mzee Spas. Upepo ukaja, saa ikagonga, na nguzo yetu ikapewa zawadi ya kwanza.

Mkono wa Venko umerudi, lakini si kwa siku moja. Ulianza kidole gumba wakati wa kupanda viazi, na plamu zilipoiva aliweza kushika kikombe kilichojaa. Kichwa bado kinamjia mara mojamoja, akikosa usingizi au akila ovyo, wala si kama zamani. Daktari anasema hicho ni cha bibi yake, tusitarajie kiondoke kwa kushusha kinyago tu. Kiro anasema ni kazi ya nguzo. Tumeacha kubishana. Anaijengea orofa ya nne, na mzigo ni wa chuma, mwache ajenge.

Lakini Jumapili nilimwona Mzee Spas nje ya kanisa, amemshika mtoto wa Bena shingo kwa viganja viwili. Ndiyo maana nawaandikia. Mtoto akisema kichwa kinauma kuanzia kisogoni, au vidole vimelala, msiongeze pembe, mpelekeni kwa daktari. Na siku ya ngoma simameni mbele kabisa, msingoje aseme, kwa maana mle ndani hasemi. Sikilizeni kengele. Zikichechemea, vueni glavu.