Waliomtaja Mama Fukusi

Chuoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Fukusi, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwachunguza wadudu hao wanaotoboa mahindi ghalani, na mara nyingine walimtoka mfukoni mwa koti katikati ya mkutano. Jina hilo halikumuudhi. Kilichomkera ni kwamba wenzake wote walioanza naye kazi walikuwa maprofesa, na yeye fomu yake ya kuomba cheo ilikwisha kurudishwa mara mbili.

Mwaka huo kamati ya vyeo ilileta sharti jipya: kila mwombaji aonyeshe makala zake zimetajwa mara ngapi na watafiti wengine, na ameshirikiana na nani nje ya chuo. Kazi ya kuhesabu alipewa mkutubi, bwana mcheshi ambaye hakujua kunong'ona hata ndani ya maktaba.

"Dada, kaa chini kwanza," alimwambia Jumanne asubuhi. "Upande wa ushirikiano una sifuri, hilo tuliache. Lakini ile makala yako ya unga wa mwarobaini! Imetajwa mara mia mbili na kumi na mbili. Hapa hakuna anayekukaribia. Uprofesa uko mlangoni, unavua viatu tu."

Alirudi nyumbani meno nje. Mumewe, seremala, aliweka randa chini akamkumbatia na vumbi lake la mbao. Binti yao akaanza kumwita Profesa palepale, huku akimtuma amletee chumvi.

Kesho yake hamu ikamshika ya kujua watu hao mia mbili ni akina nani. Akafungua makala ya kwanza ofisini. "Tofauti na ilivyodaiwa," iliandikwa. Ya pili: "Hatukupata matokeo hayo." Akaendelea. Mpaka Ijumaa alikuwa amezisoma zote, na mia moja na arobaini zilimpinga. Yeye aliandika kwamba unga wa majani ya mwarobaini huyalinda mahindi kwa miezi minane. Wao waliona kwamba baada ya wiki kumi fukusi walijaa guniani kana kwamba hakuna kilichowekwa. Mtafiti mmoja wa chuo kingine alikuwa amerudia jaribio mara tatu, kisha akaandika sentensi iliyomchoma: madai haya yamewapotezea wakulima chakula.

"Wamekutaja, hawajakutaja?" mumewe aliuliza.

"Wamenitaja."

"Basi. Fomu inauliza mara ngapi. Haiulizi walikusema vipi."

"Na mkulima aliyeniamini, akafungua gunia akakuta vumbi?"

Seremala alikuna kichwa. Alitaka sana mkewe apate cheo kile, pengine kuliko mwenyewe. "Haya, mama," alisema mwishowe. "Fanya unachoona ni sawa. Mimi nipo."

Mama Fukusi alijikaza kisabuni, akaingia kwenye kamati na mafungu mawili ya karatasi: waliomuunga mkono na waliompinga. Mwenyekiti aliyapekua yote mawili.

"Daktari, fomu haina mahali pa kuandika haya. Sisi tungepitisha namba. Umejiponza mwenyewe."

Ombi likaahirishwa. Mkutubi alinuna siku mbili, hamsalimii.

Siku ya tatu, Mama Fukusi alimpigia simu yule mtafiti aliyemchoma. Alipojitambulisha, upande wa pili ilijibu sauti ya mzee.

"Miaka sita naiogopa simu hii," mzee yule alisema. "Nilijua utakuja kunitukana."

"Sikupiga kukutukana, kaka. Nauliza tu, ulitumia magunia gani?"

"Ya sokoni. Makuukuu, kama wanayotumia wakulima."

Mama Fukusi aliketi. Yeye alitumia magunia mapya, mazito, yaliyotoka stoo ya chuo. Miaka yote hiyo alikuwa akiwaza unga na wadudu. Gunia hakuliwaza hata siku moja.

Walifanya jaribio pamoja, kila mmoja kwenye ghala lake, mapya na makuukuu, kwa miezi minane. Kila Alhamisi walipigiana simu kusomeana hesabu ya wadudu, wakaishia kuulizana habari za watoto na magoti yanayouma. Jibu lilikuwa wazi: unga ulisaidia wiki kumi tu, na kazi iliyobaki ilifanywa na gunia zito. Walipokaa kuandika, mzee akamhurumia.

"Tuseme makala ya awali haikukamilika."

"Andika ilikosea."

"Dada, neno hilo kali."

"Andika ilikosea, kaka. Ni langu, nalibeba."

Makala hiyo ilitajwa mara tisa mwaka wa kwanza. Wanne kati ya waliomtaja walikuwa maofisa wa kilimo, walioanza kuwaeleza wakulima habari za magunia. Fomu ilipokwenda kwa mara nyingine, kwenye ushirikiano palikuwa na moja, na kamati ikampa uprofesa mshiriki, ngazi moja chini ya cheo alichoomba.

Mkutubi alilitangaza jambo hilo maktaba nzima. Nyumbani, seremala alisoma barua ya kamati mara mbili akiwa amesimama.

"Umeridhika?" aliuliza.

"Nusu," alisema, akivua koti na kukung'uta mifuko nje ya dirisha. "Nusu nyingine bado naitaka."

Mumewe akacheka, akamsogezea kiti.