Insha Yenye Majina Kumi

Shuleni, mshona kola alimwona mgeni rasmi kabla hajaiona kazi ya mwanawe. Mgeni huyo alikuwa afisa utumishi wa kiwanda chao cha mashati, yule yule aliyemfukuza mwenzao wiki iliyopita kwa kosa la kukusanya saini za kudai likizo ya uzazi. Kumbe madawati mapya ya shule yalitoka kiwandani, na mwenye kutoa ndiye mwenye kualikwa.

Insha za darasa zilikuwa zimebandikwa ukutani. Muhula mzima watoto walifundishwa haki za wafanyakazi na habari za wanawake walioanzisha vyama vya zamani. Binti alimhoji mama yake jikoni, na mama, kwa kuona mtoto ana hamu, akamwaga yote: wanavyokutana chooni saa ya chakula, wawili wawili, kupanga chama chao. Alidhani ni mazungumzo ya mama na mwana tu. Ulimi hauna mfupa.

"Nani kaandika hii?" afisa aliuliza, kidole kwenye karatasi.

"Mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tusomee."

Binti akasimama wima. "Mwalimu anasema wanawake wale tumewasahau kwa sababu hakuna aliyeandika majina yao. Kwa hiyo mimi nawaandika wenzake mama wanaoanzisha chama, wote kumi na mmoja."

Akaanza na wa kwanza, jina lake, la baba yake, na mashine anayokalia. Wa pili. Wa tatu. Mpiga pasi wa kiwandani, aliyekuja naye kumwona mtoto wake, alisikia jina lake akashika ukuta. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, uso umejaa fahari. Mama alipiga hesabu. Akimkatiza mtoto, amekiri. Akinyamaza, majina yanazidi kutoka. Aliogopa vyote viwili, akabaki amesimama.

Makofi yakapigwa. Afisa naye alipiga, kisha akatoa kalamu.

"Hongera sana. Ila umesema kumi na mmoja, mimi nimesikia kumi."

Binti akahesabu kwa vidole, uso ukamshuka. Alama zake zingepungua mbele ya mgeni. Akamgeukia mama yake, na ukumbi mzima ukageuka naye.

"Mama, yule wa vifungo, mwenye mimba, anaitwa nani vile?"