Salamu za Mama Kasoki

Mnaodhani adui wa fonie ni milima hamjawahi kumhudumia Mama Kasoki.

Milima nimeizoea. Hapa Kitshanga sauti ya fonie, redio yetu ya kuitia watu wa mbali, hupaa juu ikaenda kuangukia mbali: Kisangani naisikia kama mtu aliye jikoni kwangu, lakini Walikale, hapo nyuma ya milima tu, napata mlio wa mafuta yanayokaanga. Basi neno la Walikale hupitia kwa Léopold, mpiga fonie wa Kisangani, anayezisikia pande zote mbili na kurudia kila kinachosemwa, kwenda na kurudi. Batri yenyewe ni moja, nayo ni nzee. Sasa tia hapo mama wa kabila la Wanande, mwenye adabu zao zote.

Asubuhi moja ya vita Mama Kasoki aliingia akihema. Wenye bunduki walikuwa wamejificha darajani, na mkwe wake Muhindo, mume wa bintiye Mbambu, alikuwa anataka kurudi nyumbani kutoka Walikale na lori la dereva Jacques.

“Papa Athanase, muniitie mukwe wangu mbio! Asipande ile camion!”

Nikaita. Muhindo akaletwa kwenye fonie ya Walikale. Léopold akasema lori linanguruma nje. Kwa desturi ya kazi yetu mwenye neno hulisema mwenyewe, nikampa mama kipaza sauti.

“Mukwe wangu, umeamuka muzima?”

Léopold akarudia. Jibu likarudi: mzima, mama.

“Na shangazi yako, ile goti yake?”

“Mama, sema camion!” nikamwambia.

Akanitazama kama niliyemwaga unga. “Nimukataze mutu bila kumusalimia? Iko mukwe, haiko mbuzi!”

Na kwa mbuzi ndiko alikofika, akiuliza kama wamezaa, taa ya redio ilipoanza kufifia. Nikampokonya kipaza sauti. “Muhindo, usipande!” Nilipiga kelele bure. Taa ilikuwa imezimika.

“Mama, umemuua mukwe wako na salamu!”

Alijifunika kitenge usoni. Mawingu yaliifunika kutwa nzima paneli ya jua inayojaza batri, nami niliyatukana yote, na Wanande wote, na mbuzi wao.

Kesho yake batri ikapata nguvu kidogo. Mama alikuwa tayari kwenye benchi. Léopold alianza na habari mbaya: lori la Jacques limechomwa darajani, hakupona hata mmoja. Sikuthubutu kugeuza shingo.

“Lakini Athanase,” Léopold akaendelea, “ule Muhindo anatuchokesha! Tangu jana iko anakaa pale kwa fonie ya Walikale, anakatala kutoka. Anasema mama mukwe hajamaliza kumusalimia, ataondoka namna gani?”

Mama alilia, akajifuta, kisha akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu.

“Mukwe wangu, tulifika wapi?”

“Kwa mbuzi, mama.”

Sasa hivi anauliza habari za kuku. Batri inakwisha, watu wamepanga mstari nje wananung'unika, nami simharakishi. Namfikiria Jacques. Kila alipokuja hapa alisema neno moja, akawasha lori, na mimi nilimsifu: huyu ndiye mteja.